Wazee Wawili Katika Milima ya Usambara



Katika nyumba nyingi huwako neno hili: "Tukistaafu, tutakwenda." Mume humwambia mkewe, mke naye humkumbusha mumewe. Mahali penyewe ni pa namna nyingi: kijiji alikozaliwa mama mkwe, kisiwa kionekanacho pwani kwa mbali, mji ambao ndugu alikwenda asirudi. Miaka hupita, ada za shule hulipwa, nyumba huezekwa, wagonjwa huuguzwa. Hata siku ya kustaafu ifikapo, huja pamoja na mgeni mwingine ambaye hakualikwa, naye ni uzee.

Basi twapenda kuwaeleza habari za safari yetu ya Lushoto na Irente. Si kwamba ni mbali, maana mtu akitoka Tanga alfajiri hufika Lushoto mchana. Twaieleza kwa sababu ndiko tulikoujua umri wetu. Nyumbani uzee hujificha. Kiti kiko pale pale karibu na mlango; kizingiti twakijua hata gizani; mjukuu huchota maji kabla hatujamwita. Nyumba imezeeka pamoja nasi, ikajifunza kutuvumilia. Lakini njia haimjui mtu. Ngazi ya basi haiulizi una miaka mingapi, wala mlima haujipunguzi kwa ajili ya mgeni.

NENO TULILOLIWEKA

Mwaka 1977 Tanzania ilianza mpango wa elimu ya msingi kwa watoto wote, na walimu wengi wakahitajiwa kwa upesi. Sisi tulikuwa miongoni mwa vijana waliofunzwa wakati ule. Mwaka 1979 twalioana, na shule yetu ya kwanza ilikuwa bondeni, karibu na Mazinde, kati ya mashamba ya mkonge. Nyuma ya shule mlima ulisimama kama ukuta, na juu kabisa palikuwa na mwamba mkubwa uliojitokeza mbele. Huo ndio mwamba wa Irente. Jioni, jua lilipokuwa likitua upande wa nyika ya Wamasai, mwamba ule uligeuka rangi ukawa kama shaba. Nasi tulikuwa tukikaa mlangoni kusahihisha madaftari, tukiinua macho na kuutazama. Tukasema, "Siku moja tutasimama pale juu, tuitazame nyumba yetu kutoka huko."

Wakati ule ingalikuwa kazi ndogo. Watu wa milimani walikuwa wakishuka kwa miguu na mizigo ya mboga kichwani, wakauza, wakapanda tena siku ile ile. Lakini mtoto wa kwanza akazaliwa, kisha tukahamishwa; wa pili akazaliwa, tukahamishwa tena. Mara nyingi twalipita njia ile kuu ndani ya gari, tukauona mwamba dirishani, na mmoja wetu akasema, "Ule pale." Mwenziwe akajibu, "Tutakwenda tu." Ndivyo ilivyopita miaka zaidi ya 40.

Sasa mmoja wetu ametimiza miaka 70, na mwenziwe yu karibu kumfuata. Mmoja ana maradhi ya goti: akikaa kitako muda mrefu, goti hukaza kama bawaba iliyoshika kutu, naye huhitaji hatua kadhaa kabla halijalegea. Mwenziwe miguu yake ni mizima, lakini ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Kioo kilichomo ndani ya jicho kimeingia ukungu. Hata vitu vilivyo mbali avione kama mtu atazamaye kupitia chandarua, na mwanga mkali humzidishia taabu. Anangoja zamu yake ya kupasuliwa. Nani ana goti na nani ana jicho, hatutasema. Maana wasomaji wengine watujua, nao wataanza kutuletea mafuta ya kuchua.

Watoto wetu waliposikia habari za safari hawakupendezwa. Mmoja alisema, "Mnakwenda kutafuta nini huko? Kaeni mpumzike." Mwingine akatuonyesha picha ya Irente katika simu yake, akasema, "Si hii hapa? Mmekwisha kuiona." Twaliitazama picha ile, nayo ilikuwa nzuri. Lakini haikutujibu swali tulilokuwa nalo, ambalo hatukumwambia mtu. Hatukuuliza Irente pakoje. Twaliuliza kama sisi wawili tungali tunaweza kutimiza neno tulilowekeana.

BARABARANI

Twaliondoka Tanga mwezi wa Juni, wakati wa kipupwe, saa kumi na mbili asubuhi. Katika kituo cha mabasi benchi lilikuwa limejaa watu. Binti mmoja alipotuona alisimama upesi, akamvuta na mwenziwe mkono, akasema, "Shikamoo babu, shikamoo bibi, karibuni mkae." Sisi sote wawili tukageuka nyuma tuwaone hao wazee wanaopishwa. Hapakuwa na mtu nyuma yetu. Basi tukaitikia marahaba, tukakaa.

Huenda wengine wenu mwaijua siku hiyo. Mtu huzoea kuitwa babu na wajukuu zake, na jina hilo ni tamu. Lakini siku mgeni asiyekujua akuitapo babu kwa kukutazama tu, hapo huijua sura yako kama aionavyo yeye. Neno lile lilituchoma kidogo. Hata hivyo benchi lilikuwa zuri, na goti lilishukuru. Tukaona kwamba heshima ya kupewa kiti ni kama chakula cha ugenini: mwenye busara hakikatai kwa sababu ya aibu.

Njia yapita Muheza penye machungwa, yafika Segera, kisha Korogwe na Mombo. Mkonge waonekana pande zote mbili, mistari yake imenyooka. Mmea huu si wa asili ya nchi yetu. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Yasimuliwa ya kuwa miche 1,000 ilitoka Florida huko Marekani, na 62 tu ndiyo iliyofika Tanga ikiwa hai. Kutokana na hiyo yakaenea mashamba makubwa yaliyolisha mkoa huu kwa miaka mingi. Mkonge hukaa miaka kadha wa kadha bila ua, kisha hutoa mlingoti mrefu mara moja tu, nao ukiisha kutoa, hufa. Twaliitazama milingoti ile tukafurahi kwamba mwanadamu si mkonge.

Kando ya barabara iko reli. Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893, nayo ikafika Mombo mwaka 1905. Kabla ya hapo aliyetaka kwenda Usambara alikwenda kwa miguu. Mmisionari Krapf alifika mara mbili, mwaka 1848 na mwaka 1852, kumwona mfalme Kimweri wa Vuga, naye hakuwa na gari wala reli. Twalilikumbuka jambo hilo kila tulipotaka kulalamika juu ya kiti chetu.

Lakini yako mambo katika safari ya gari ambayo vijana hawayajui, na wazee huona haya kuyataja. Mojawapo ni maji. Mmoja wetu hakunywa hata tone tangu alfajiri, kwa kuhofu kwamba gari halitasimama. Wazee wengi hufanya hivyo. Na hatari yake ni hii: mtu akizeeka, kiu yake hupungua, hata mwili ukiwa umekauka yeye hasikii. Basi mtu asiyesikia kiu, tena akajinyima maji kwa makusudi, huumwa kichwa, huona kizunguzungu, na akisimama ghafula aweza kuanguka. Tulipofika mahali pa kupumzika, pale abiria wanaposhuka "kuchimba dawa" kama wasemavyo vijana, twaliambiwa tuna dakika kumi. Kwa kijana dakika kumi ni nyingi. Kwa mwenye goti, kushuka ngazi ya gari ni dakika mbili, kulegeza mguu ni mbili, kwenda ni tatu. Na kurudi je?

Utingo alianza kupiga ubavu wa gari akiita, "Twende, twende!" Ndipo mama mmoja kijana, mwenye mtoto mgongoni, akasema kwa sauti kuu, "Ngoja! Wazee wetu bado." Hatukumjua mama yule, wala hatukupata kumwona tena baada ya Mombo. Lakini "wazee wetu" lilikuwa neno jingine kabisa, si kama lile la asubuhi. Asubuhi twaliona tumetengwa na watu; hapo twaliona kwamba sisi ni mali ya watu. Umri wetu ulikuwa ule ule, saa chache tu zilikuwa zimepita.

Kutoka Mombo gari laiacha njia kuu, laanza kupanda. Ni kilometa 33 mpaka Lushoto, nayo njia imechongwa katika ubavu wa mlima, yapinda huku na huku, upande mmoja jabali, upande wa pili bonde lenye mto. Katikati ya njia uko mji mdogo wa Soni wenye maporomoko ya maji. Masikio yaliziba, yakazibuka. Hewa ikawa baridi. Lushoto yapata mita 1,400 juu ya bahari. Na kwa desturi mtu apandapo mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Tuliondoka Tanga tukiwa na kanga na shati jepesi, tukafika Lushoto tukitafuta sweta.

USIKU WA LUSHOTO

Lushoto ni mji mdogo ulio kati ya milima, wenye miti mirefu na soko lililojaa karoti, kabichi na viazi. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, wakapapenda kwa ajili ya baridi yake. Katika nyumba ya wageni twalipewa chumba cha orofani, tukaomba cha chini. Kijana wa mapokezi alisema cha juu kina mandhari nzuri. Tukamwambia kwamba mandhari isiyofikika haina faida, naye akacheka, akatupa cha chini.

Usiku ule baridi lilikuwa kali, na goti likavimba. Twalilikanda kwa maji ya moto tuliyoletewa katika beseni. Kisha yule mwenye goti akanyamaza kwa muda mrefu, hatimaye akasema, "Mwenzangu, kesho nenda peke yako. Miguu yako ni mizuri. Mimi nitakaa hapa nikungoje, utakuja kunihadithia."

Maneno hayo yalisemwa kwa upole, na bila shaka kwa upendo. Lakini yalituogopesha sote wawili kuliko ugonjwa wenyewe. Maana tuliona jinsi mambo yanavyoanza. Leo mmoja hubaki katika nyumba ya wageni; mwaka kesho hubaki Tanga wakati mwenziwe anakwenda arusini; mwaka wa tatu hubaki kitandani na mwenziwe sokoni; hata mwisho kila mmoja huwa mzee peke yake, ingawa wamo katika nyumba moja. Watu wawili walioana siku moja hawazeeki kwa mwendo mmoja. Mmoja hutangulia kwa miguu, mwingine kwa macho, mwingine kwa kusahau. Hapo kila aliye mzima huwa na shauri gumu: je, aende awezavyo, au akae na asiyeweza? Akienda, aweza kumwacha mwenziwe na huzuni. Akikaa, aweza kumtwika deni.

Yule mwenye jicho hakujibu upesi. Alikwenda dirishani, akarudi, akasema, "Nikienda peke yangu nitakuhadithia nini? Mimi ni nani wa kuona kitu kilicho mbali? Nikisimama juu ya mwamba nitaona weupe mtupu. Miguu ninayo mimi, lakini macho unayo wewe."

Twalicheka usiku ule hata jirani akagonga ukuta. Lakini neno lilikuwa la kweli. Tukafanya hesabu kama walimu: goti laweza kutembea kiasi gani bila kuudhika? Tukaamua kukodi gari mpaka karibu na shamba la Irente, kisha tuende kwa miguu sehemu iliyosalia, tukipumzika kila tunapoona mahali pa kukaa, wala tusiweke saa ya kufika.

JUU YA MWAMBA

Asubuhi ukungu ulikuwa umefunika mabonde. Twalisubiri hata jua likapata nguvu, ndipo tukaenda. Shamba la Irente ni la kanisa la Kilutheri. Hapo wageni hununua mkate mweusi, jibini na jemu. Tukanunua mkate, tukashika njia. Yule mwenye goti alikuwa na fimbo, akaishika kwa mkono wa upande wa goti zima, kama daktari alivyomfundisha. Watu wengi huishika upande ule ule wa goti bovu, nayo huwasaidia kidogo sana. Yule mwenye jicho alishikwa bega, maana njia ilikuwa na mawe na mizizi, na kivuli cha miti kilimdanganya asijue shimo ni lipi na kivuli ni kipi.

Basi tukaenda hivyo, huyu akiegemea bega, huyu akiambiwa, "Jiwe. Sasa tambarare. Jiwe tena." Watoto waliokuwa wakienda dukani walitupita, wakaamkia, wakatupita tena wakirudi. Kisha akaja nyuma yetu bibi mmoja, mkongwe kuliko sisi, mwembamba, mgongo umeinama, na mzigo wa kuni kichwani. Alitufikia, akatutazama, akasema, "Pole pole, wanangu." Akatupita, akapanda kilima, akapotea.

Tulisimama pale tukitazamana. Jana tuliitwa babu na bibi, leo tumeitwa watoto. Tukafahamu kwamba uzee haupimwi kwa miaka tu, bali pia kwa kile ambacho mwili umezoea kukifanya kila siku. Bibi yule hakuacha mlima, wala mlima haukumwacha. Sisi tulikaa pwani miaka mingi, kwenye nchi tambarare, tena kwenye viti. Hatusemi kwamba kubeba kuni katika uzee ni jambo jema. Huenda alikuwa hana mtu wa kumsaidia, na jambo hilo ni la kusikitisha. Twasema tu kwamba mguu unaotembea kila siku hukumbuka kutembea.

Tukafika. Wasomaji ambao hawajafika wafahamu ya kuwa mahali pale mlima unakwisha ghafula. Mtu aenda kati ya miti na mashamba kama mahali po pote pa Usambara, kisha hatua chache tu, na nchi yote imeanguka chini ya miguu yake. Bonde liko mamia mengi ya mita huko chini, na upande wa magharibi nyika yaenda mpaka macho yanaposhindwa. Hatukwenda ukingoni. Twalikaa juu ya jiwe pana, mbali kidogo na ukingo, tukashikana mikono, maana upepo ulikuwa na nguvu.

Yule mwenye jicho akasema, "Ni kama nilivyodhani. Mimi naona weupe, na chini yake ukijani. Sema wewe."

Basi mwenye goti akaanza kusema. Akasema, "Naiona njia kuu, nyembamba kama uzi. Liko lori jekundu laenda upande wa Mombo. Ng'ambo ya njia naiona reli. Naona mkonge, mistari yake kama daftari la kuandikia. Hapa yako mabati mengi yanayong'aa, zamani hayakuwapo. Naona mto kwa miti yake. Nyika ni ya rangi ya simba, na vivuli vya mawingu vyatembea juu yake." Mwenziwe akauliza, "Shule?" Akanyamaza, akatafuta. Akasema, "Naona paa refu lililo karibu na miti mitatu." Mwenye jicho akasema, "Miti ilikuwa miwili, nayo ilikuwa upande wa kaskazini." "Basi mmoja umeota baada yetu." "Hilo si paa letu. Letu lilikuwa karibu zaidi na mlima." "Wewe huoni, wataka kunifundisha?" "Sioni, lakini nakumbuka."

Twalibishana muda mrefu, hata mkate ukaisha. Mpaka leo hatujaafikiana juu ya paa lile. Lakini wakati tukibishana, mambo ya mwaka 1979 yalikuja yote: taa ya chemli, mwalimu mkuu aliyependa kuimba, mtoto wa shule aliyetuletea kuku siku mzaliwa wetu wa kwanza alipozaliwa. Tusingaliyakumbuka hayo kama mmoja wetu angalikuwa peke yake. Mwenye macho bila kumbukumbu ya mwenziwe angaliona mabati; mwenye miguu bila macho ya mwenziwe angaliona ukungu.

Je, tulichelewa? Twaliulizana hilo pale juu, wala hatutaki kuwadanganya wasomaji. Yako mambo tuliyoyakosa kwa kuchelewa. Tusingalikwenda kwa gari. Tungalipanda kutoka Mazinde kwa miguu yetu wenyewe, na mmoja wetu angaliona yote kwa macho yake. Hayo yamekwisha, hayarudi. Ujana ni moshi. Lakini vijana wale wa mwaka 1979 wangalisimama ukingoni dakika tano, wakapiga kelele wasikie mwangwi, wakashuka. Wasingalikuwa na kitu cha kutafuta huko chini, maana maisha yao yalikuwa bado hayajatokea. Sisi twalikaa saa mbili nzima, na bado kulikuwa na kitu cha kutazama.

Kurudi kulikuwa kugumu kuliko kwenda. Kupanda huchosha pumzi, lakini kushuka huumiza goti, kwa kuwa kila hatua mguu huzuia uzito wote wa mwili usianguke mbele. Mara tatu tuliketi. Mara ya tatu tuliketi juu ya gogo bila kusema neno, na yule mwenye goti alikuwa na machozi kwa maumivu. Kijana mmoja wa bodaboda akasimama, akasema, "Babu, bibi, niwapeleke?" Tulimshukuru, lakini pikipiki katika njia ile hatukuithubutu. Yeye hakwenda zake. Alizima pikipiki, akatembea mbele kutafuta gari letu, akarudi nalo mpaka pale lilipoweza kufika. Tulipotaka kumpa kitu, alikataa kwanza, akasema ana babu yake. Kisha akakubali kidogo.

MASHAURI MACHACHE

Kwa wazee wenzetu ambao wangali na safari moyoni, twaona yafaa kuyaandika haya.

1. Kunyweni maji ingawa hamna kiu, kidogo kidogo tangu asubuhi. Mwombeni dereva mapema, kabla gari halijaondoka, asimame mahali pafaapo. Dereva aliyeombwa kwa adabu mbele ya abiria ni nadra kukataa.

2. Dawa za kila siku zisiwekwe katika sanduku liingialo buti la gari, bali katika mfuko wa mkononi, pamoja na karatasi yenye majina ya dawa na namba ya simu ya mtoto wenu.

3. Katika gari, chezesheni vifundo vya miguu mara kwa mara, na gari likisimama simameni. Kukaa bila kujinyosha muda mrefu huvimbisha miguu, tena kwaweza kugandisha damu katika mishipa.

4. Ombeni chumba cha chini, na usiku wekeni tochi karibu na mto. Wazee wengi huanguka usiku, katika nyumba wasiyoizoea, wakitafuta mlango wa choo.

5. Mwezi mmoja kabla ya safari ya mlima, anzeni kutembea kila siku nyumbani. Bibi wa kuni alitufundisha somo hilo kwa maneno matatu.

6. Mwenye nguvu asikubali upesi mwenziwe asemapo, "Nenda tu." Wala mgonjwa asilazimishwe. Kaeni mfanye hesabu: kila mmoja ana nini, na amepungukiwa na nini.

Kwa ninyi watoto wa wazee twasema: msitukataze safari kwa kutupenda. Twajua mwahofu tusianguke njiani. Lakini mzee aliyewekwa kitini ili asianguke huanguka vilevile, ila ni polepole, wala hapana anayemwona. Mkiweza, tupelekeni. Msipoweza, tuulizeni tumepakia dawa, mtupigie simu mara moja kwa siku, si kila saa kama tulivyopigiwa sisi, hata chaji ya simu ikaisha kabla ya Korogwe.

Na kwa ninyi mlio oana juzi, mnaokaa mlangoni jioni mkitazama mlima wenu, uwao wote: mkisema "siku moja", itajeni siku yenyewe.